Barua ya Kumwachia Hellen

Tusimwonee Isakwisa. Mtu anayeshinda kutwa kwenye mashine za kukaushia chai, kisha akavua ovaroli, akaoga maji ya baridi, akapaka rangi viatu vyake vyeusi na kukata njia kwenye ukungu wa Tukuyu ili akacheze dansi ya walzi, mtu huyo ana moyo. Kosa lake ni kwamba moyo wenyewe aliuweka kwenye fomu.

Fomu iliitwa Ahadi ya Wachezaji. Kila Januari, mwanamume na mwanamke waliotaka kuingia kwenye orodha ya viwango vya dansi ya ukumbini ya mkoa waliijaza pamoja: kwamba watafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, watashindana pamoja, na hakuna atakayeshindana na mwingine mpaka msimu uishe mwezi wa sita. Chini kulikuwa na nafasi mbili za saini. Miaka miwili Isakwisa alisaini kushoto, na Hellen, mshonaji mwenye cherehani yake pale mjini, alisaini kulia. Nakala yake Isakwisa aliiweka chini ya godoro akalala juu yake, akajiona kama mtu aliyekwisha kuposa. Neno la mapenzi hakumwambia Hellen hata siku moja. Yeye aliona limeshaandikwa.

Walifundishwa na Mwalimu Obed, mstaafu aliyejifunza dansi zamani akiwa chuo cha ualimu na hakuisahau. Alikuwa na jozi sita tu, kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa chai, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta ya mishumaa mpaka ikateleza. Isakwisa na Hellen ndio waliokuwa bora. Kimkoa walikuwa wa tatu, na wangekuwa wa kwanza kama si kosa moja ambalo waamuzi waliliandika kwenye karatasi zao kila mashindano, miandiko mbalimbali, maneno yale yale: mwanamke anamtazama mwenzake usoni.

Kwenye walzi mwanamke hugeuza shingo kushoto, macho yakaenda mbali juu ya bega la mwenzake. Hellen alijua hatua zote, alijua kugeuka, alijua kuteleza. Hilo la shingo lilimshinda. Isakwisa alimfokea kila Jumanne na kila Jumamosi. "Usinitazame," alimwambia. "Tazama kalenda." Ukutani ilining'inia kalenda ya mbolea, na Hellen alicheka, akaitazama kalenda kwa hatua mbili tatu, halafu macho yakarudi pale pale kwenye uso wa Isakwisa. Isakwisa aliona ni ukaidi. Siku moja alimshika kidevu akakigeuza kwa mkono, na Hellen hakucheka tena siku hiyo.

Sasa huyu Gwamaka, aliyekuja kuharibu mambo, aliletwa na Isakwisa mwenyewe. Hapo ndipo alipokuwa akijiuma vidole baadaye. Gwamaka alikuwa fundi wa maabara kule Igogwe, na alikuwa mtoto wa Ambindwile, kaka mkubwa wa Isakwisa. Ambindwile alikuwa kifungua mimba na Isakwisa kitinda mimba, kwa hiyo mtoto alimzidi baba yake mdogo miezi minane. Walioga kijito kimoja, walichapwa na mwalimu mmoja, lakini Gwamaka alimwita baba mdogo bila mzaha. Isakwisa alimwalika Mbeya aje amwone akishindana. Alitaka kuonekana. Gwamaka alikuja, akakaa, na macho yake hayakumwona baba mdogo hata kidogo.

Miezi minane baadaye, Februari, kukawa na harusi ya Gwamaka na Hellen kule Suma, nyumbani kwa mzee Ambindwile.

Kwa Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaacha njia, anajifunika, anageuza uso. Hamtazami, hamsemeshi, hampi mkono. Wazee wanaiita ukutila, na wengi wa mjini wameshaiweka kando, ila kwa mzee Ambindwile ilikuwa bado imesimama wima. Na baba mkwe si yule aliyemzaa mume peke yake. Ni yeye na ndugu zake wote wa kiume.

Basi siku ya harusi shangazi mmoja alimsimamisha bibi harusi mlangoni, akamtajia baba wakwe zake mmoja mmoja, wakiwa wamekaa kwenye benchi la uani. Akaanza na Ambindwile. Akateremka. Isakwisa alikuwa mwisho wa benchi, suti yake ya mashindano mwilini, na alisikia jina lake likitajwa kama la wengine. Hellen aliinua kitenge akafunika kichwa. Macho yale aliyokuwa akiyafukuza miaka miwili yalizimika nyuma ya kitambaa cha maua, na Isakwisa akaiweka sahani yake ya chakula cha harusi chini ya benchi bila kuigusa.

Nyumbani aliitoa fomu chini ya godoro. Tarehe ilikuwa ya Januari, kabla ya posa. Msimu ulikuwa haujaisha, na saini ya Hellen ilikuwa pale kulia, wino haujafifia. Alicheka peke yake, kicheko kibaya.

Jumanne iliyofuata alikwenda ukumbini mapema. Hellen alikuwa ameshafika, akipasha miguu. Alipomwona Isakwisa mlangoni alichukua kitenge chake juu ya kiti, akajifunika, akarudi kinyumenyume mpaka mlango wa jikoni ukamficha. Mwalimu Obed alizima spika. Jozi nyingine zikawa zinatazama viatu vyao.

Mwalimu alimwita pembeni akamweleza taratibu. Hellen hawezi kucheza naye tena, hilo analijua. Lakini Fahadi, kijana wa duka la vitambaa sokoni, mwenzake amehamia Makambako, na si ndugu wa mtu yeyote hapa, kwa hiyo anaweza kumshika Hellen na Gwamaka hana neno. Kinachotakiwa ni barua tu. Kanuni inasema mchezaji akiachiwa kwa barua ya mwenzake anahama na nusu ya alama zake, na nusu hiyo ingemtosha Hellen kuingia mashindano ya Juni kule Mbeya. Washindi wawili wa Juni wanakwenda Dar es Salaam kwenye fainali ya taifa. Hellen anaisubiri nafasi hiyo tangu ajue kuhesabu moja mbili tatu.

Isakwisa aliuliza, na asipoachiwa?

Asipoachiwa, mwalimu alisema, hashindani na mtu mpaka msimu uishe, na alama zake zinafutwa. Ila anayekataa kuachia lazima aoneshe kwamba yeye mwenyewe bado yumo. Ahudhurie kila zoezi, asaini daftari. Akikosa mara tatu, inahesabika ameshamwachia.

"Basi lete daftari," Isakwisa alisema.

Hivyo ndivyo alivyoanza kucheza peke yake. Cheka ukitaka, hata jozi nyingine zilicheka wiki ya kwanza. Alisaini, akasimama katikati ya sakafu, akainua mkono wa kushoto, akakunja wa kulia kuzunguka mgongo usiokuwepo, na muziki ulipoanza akaenda. Machi ilinyesha kama inavyonyesha Rungwe, wiki nzima bila kupumua, na Isakwisa alifika akiwa amelowa mpaka mapajani, viatu amevibeba begani ndani ya begi. Aprili alishikwa na homa, akaenda na homa yake. Hakuna mchezaji mkoa mzima aliyekuwa na ahadi kama ile. Hellen kila akimsikia mlangoni alitoweka jikoni, na mlango ukarudishiwa. Kwa hiyo Isakwisa alimfungia mara mbili, kanuni upande mmoja na mila upande mwingine, na ufunguo wa kote ulikuwa yeye mwenyewe kuonekana tu.

Mwalimu Obed aliwaandikia wakubwa wa chama cha dansi kule Mbeya kuomba Hellen aruhusiwe bila barua. Walimrudishia fomu ya maombi. Sababu zinazokubalika zilikuwa nne, za kuwekea alama ya vema: ugonjwa, ujauzito, kuhama mkoa, kifo. Mkwe hakuwemo. Mwalimu alipiga simu akaeleza, na karani aliuliza kama baba mkwe huyo amemtishia mchezaji. Hapana, alisema mwalimu, anamheshimu. Karani akasema basi hakuna tatizo.

Gwamaka alikuja mwenyewe katikati ya Aprili, akamkuta baba yake mdogo akipalilia migomba nyuma ya nyumba. Alikuja na sukari na mche wa sabuni, kama mtu aendaye kwa mzee, na hilo peke yake lilimtia Isakwisa hasira. Alimwangalia kijana yule, shati limepigwa pasi vizuri, kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mpya, na alijua ni mkono wa nani umekishona. Gere ilimpanda mpaka machoni.

"Baba mdogo," Gwamaka alisema, "Hellen hawezi kuja kukuomba mwenyewe, unajua. Kwa hiyo nimekuja mimi. Mwachie."

"Mimi sijaacha kucheza. Mkeo ndiye aliyeacha. Akirudi uwanjani nitamshika."

"Utamshika mkweo?"

"Kanuni za dansi hazina mkwe."

 Gwamaka alisema kwa upole kwamba Hellen hajawahi kumsema vibaya, hata mara moja. Akaweka sukari na sabuni kwenye jiwe la kufulia, akaaga. Isakwisa alimtazama mpaka alipopotea kwenye mashamba ya chai. Ule upole ulimkera kuliko matusi. Angetukanwa angelala vizuri.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomfanya aendelee, kitu ambacho hakumwambia mtu. Wiki ya tatu, muziki ulipopungua kwenda kwenye wimbo mwingine, alisikia visigino nyuma ya mlango wa jikoni. Viatu vya Hellen vilikuwa na visigino vya chuma alivyovigonga fundi wa pale stendi, na Isakwisa angevitambua hata usingizini. Vilikuwa vinacheza. Moja mbili tatu, kimya, geuka. Ulikuwa mchezo wao, ule aliouumba yeye Isakwisa, pamoja na kuchelewa kidogo kwenye kona ya pili. Peke yake, jikoni, kati ya masufuria na viti vibovu, Hellen alikuwa anacheza naye.

Tangu siku hiyo aliwahi zaidi. Alijipanga karibu na ukuta wa jikoni, akapunguza hatua zake ili azisikie za Hellen. Alipogeuka alimgeuza. Alipochelewa kwenye kona alimsubiri, na kisigino kilijibu pale pale. Gwamaka ana kitanda na ana pete, alijiambia, lakini walzi bado ni yangu. Kiwandani wenzake walimsikia akipiga mluzi juu ya mashine.

Jumamosi ya mwisho wa Mei mvua ilikuwa inapiga bati na wote wamo kwenye walzi, umeme ukakatika. Spika ikanyamaza. Jozi zote zikasimama. Jikoni visigino havikusimama, na juu yake, kwa sauti ya chini, mwanamume alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu.

Isakwisa alitoka nje kwenye mvua, akazunguka jengo, akatazama kwa dirisha la jikoni. Fahadi alikuwa amemshika Hellen. Viatu vya Fahadi vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya jiko baridi, na yeye alikuwa anacheza na soksi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia chini ya bega la Hellen, pale hasa ulipokuwa ukikaa wa Isakwisa. Isakwisa hakuangalia kingine chochote. Aliuangalia mkono huo mpaka mvua ikamwingia shingoni.

Mwalimu Obed alimkuta pale. Alisema kanuni inakataza kushindana, haikatazi kujinoa. Akaongeza, akiwa hana raha, kwamba ni yeye aliyemshauri Fahadi avue viatu, ili Isakwisa asisikie akaumia. Kumbe wote walijua. Miezi miwili na nusu watu wa ukumbi mzima walimwona akicheza na ukuta, na wakamwonea huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomchoma. Wivu aliuzoea, alikuwa anaamka nao na kulala nao.

Kesho yake aliandika barua. Ilikuwa na mstari mmoja wa sababu, na baada ya kufikiri aliandika: ni mkwe wangu. Akaipeleka kwa mwalimu kwa mkono wake, akiwa ametabasamu. Sifa zikaja. Mwalimu Obed alimshika mkono kwa mikono miwili. Ambindwile alipiga simu kutoka Suma akasema ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu, umeonesha u mtu mzima. Isakwisa aliitikia vizuri. Moyoni alikuwa ameshapiga hesabu nyingine. Barua inampa Hellen sakafu, alijiambia, lakini mila inanipa mimi kiti. Nani anaweza kumzuia mtu kununua tiketi akakaa mbele?

Ukumbi wa Mbeya ulikuwa umejaa siku hiyo, Jumamosi mchana, jua linapita kwenye madirisha ya juu. Isakwisa aliwahi. Alichagua kiti cha safu ya kwanza, mita tatu kutoka mlango wanaoingilia wachezaji, akavaa ile ile suti. Hakuna mkwe ambaye angepita hapo. Alikuwa ameona mwenyewe, mara ishirini na zaidi, jinsi Hellen alivyorudi kinyumenyume kila akimwona. Mtangazaji angeita namba mara tatu, na asiyetokea anafutwa. Hivyo tu. Hakuna ambaye angeweza kusema Isakwisa amefanya kosa. Amekaa kwenye kiti chake.

Namba kumi na nne iliitwa. Hellen alitokea mlangoni, gauni la bluu aliloshona mwenyewe, Fahadi ubavuni. Akamwona. Mkono uliinuka kutafuta kitenge begani na haukukuta kitu, akarudi nyuma ya pazia. Isakwisa alifurahi, tusimfichie. Namba iliitwa mara ya pili. Ng'ambo ya pili ya ukumbi Gwamaka alikuwa amesimama, naye alikuwa amemwona baba yake mdogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakumwamkia.

Kabla namba haijaitwa mara ya tatu, Hellen aliingia. Aliingia shingo imeshageuka. Fahadi alimwongoza kwa mkono kama anavyoongozwa kipofu, mpaka katikati, akamshika, muziki ukaanza.

Isakwisa alingoja akosee. Walipita mbele yake mara ya kwanza, karibu kiasi cha upepo wa gauni kumgusa magoti, na uso wa Hellen ulikuwa umeelekea kule kushoto, mbali, juu ya bega la Fahadi, shingo ndefu imetulia, macho hayapo. Wakazunguka. Kila kona iliyopaswa kumleta uso kwa uso na Isakwisa, shingo ile ilibaki pale pale. Walichelewa kidogo kwenye kona ya pili.  Isakwisa aliijua shingo ile ingawa hakuwahi kuiona. Ndiyo aliyomwomba Hellen miaka miwili, ndiyo aliyotaka kuipata alipomshika kidevu.

Walishika nafasi ya kwanza. Karatasi za waamuzi zilibandikwa ukutani karibu na mlango, na Isakwisa alikwenda kuzisoma, kwa sababu mchezaji ni mchezaji. Waamuzi watatu. Wa kwanza alisifu hatua. Wa pili alisifu kufuata mdundo. Wa tatu alikuwa yule yule mzee aliyewahukumu wao mwaka jana, na mwandiko wake Isakwisa aliufahamu. Ulisema: mwanamke amerekebisha kosa lake, hamtazami tena mwenzake.

Alisoma mara mbili. Na pale pale, katikati ya watu wanaopongezana, akaelewa kitu ambacho hata Gwamaka huenda alikijua, na Mwalimu Obed, na labda ile kalenda ya mbolea. Fahadi hakuwa na haja ya kumwambia Hellen asimtazame. Hellen hakuwa na sababu ya kumtazama Fahadi. Lile kosa halikuwa la shingo hata kidogo, na lilikuwa lake yeye Isakwisa peke yake, alilopewa kila Jumanne na kila Jumamosi kwa miaka miwili, akalifokea mpaka likaondoka.

Alitoka kwa ujia wa nyuma, ule mwembamba unaopita vyumba vya kubadilishia nguo, ili asikutane na mtu. Alikuwa katikati yake aliposikia visigino vya chuma vinakuja. Hellen alikuwa anakuja peke yake, gauni amelikusanya mkononi, na ujia haukuwa na pa kuchepukia. Alimwona, akasimama, akajifunika uso kwa pindo la gauni.

Isakwisa ndiye aliyegeuka. Aliweka paji la uso kwenye ukuta, akampa mgongo, nafasi ikapatikana. Visigino vilianza tena, polepole, vikafika nyuma yake.

"Hellen," aliuambia ukuta, "nitazame."

Visigino vilisimama. Isakwisa alisikia pumzi yake, karibu, kama zamani. Halafu vikaendelea mpaka mwisho wa ujia, ambako Gwamaka alikuwa anamngoja na kitenge mkononi.